Maziwa ya Élysée Katika Bwawa Letu

Tarehe 4 Septemba

Mvua imeanza. Asubuhi nimesafisha kizuizi cha chuma pale maji yanapoingilia, nikatoa masashi ya plastiki, kiatu kimoja na pampers za akina mama wa kituo cha afya ambao hawasikii hata uwaambie kwa wimbo. Mabwawa yangu matatu yako vizuri. La kwanza jeusi, la pili kijani, la tatu limejaa vyura wanaopiga kelele. Vyura wakiwepo, najua maji ya vyoo vya mji huu yamesafika, na yanaweza kuteremka kwenye malisho bila mtu kuziba pua.

Naandika humu kwa sababu sina wa kumwambia. Nikimwambia jirani yangu Josiane kitu asubuhi, mchana kiko sokoni Ngungu, kimeongezwa chumvi.

Naandika pia ili nisisahau hata tendo moja la Élysée. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, Kayitare. Matanga hayajaisha, akaja na wazee wa ukoo. Akachukua ng'ombe. Akachukua laiterie, nyumba ya kutengenezea fromaji, jibini la kwetu, tuliyoijenga mimi na Kayitare kwa mikono yetu, jiwe kwa jiwe. Akamchukua na Isimbi, binti yangu wa pekee, ati mtoto ni wa ukoo, si wa mwanamke. Nami nilipopata kazi hapa stasyo ya maji machafu, akatangaza kwamba mkono unaoshika maji ya vyoo hautashika tena chombo cha maziwa cha nyumba yao. Basi Isimbi anatengeneza fromaji kule juu kilimani, mimi nachunga mavi ya mji huku chini. Akianika vitambaa vya kukamulia fromaji namwona kutoka hapa. Hawezi kunisikia nikimwita.

Namtaka mwanangu nyumbani. Na Élysée nataka aumie. Sijui kipi nakitaka zaidi.

Tarehe 8 Septemba

Isimbi amekuja baada ya misa. Amekula sombe, majani ya muhogo kama anavyopenda, sahani mbili. Amekuwa mrefu, shingo ya baba yake kabisa. "Mama, nisikawie," akasema, "Tonton atauliza." Tonton, ndivyo anavyomwita Élysée, baba yake mdogo. Hata kikombe cha chai hakumaliza.

Tarehe 12 Septemba

Mvua. Hakuna neno.

Tarehe 19 Septemba

Vyura wamenyamaza.

Tarehe 21 Septemba

Bwawa la pili limebadilika. Lilikuwa kijani, sasa limefunikwa na ngozi nyeupe kama uji uliopoa. Harufu yake si ya choo. Harufu ya choo naijua, tumezoeana. Hii ni chachu, inaingia puani na kukaa. Nimefungua maji mengi zaidi, nimekoroga kwa mti mrefu mpaka mabega yananiuma. Wapi.

Tarehe 27 Septemba

Harufu imefika sokoni. Josiane amekuja na kanga puani, nyuma yake wanawake wanne wauza maharagi.

"Dada, ile kazi yako iko namna gani? Tunakufa na harufu! Batu habanunue tena, banapita mbio."

Nikamwambia sijui bado, natafuta.

"Unatafuta nini? Haulalake pale kwenye mabwawa? Ni weye njo mwenye kuiangalia!"

Wakaondoka wakicheka. Mmoja akaniita Mama Mavi, kwa sauti, nisikie vizuri. Nimelisikia.

Tarehe 2 Oktoba

Nimepata!

Nilifuata mfereji kupanda, kifuniko kwa kifuniko. Chini ya kituo cha afya maji ni ya kawaida. Chini ya shule, ya kawaida. Nikafika chini ya laiterie ya Élysée, nikainua kifuniko, nikaona maji ya njano yenye weupe, bado ya vuguvugu, yanashuka kama mto. Ni maji ya maziwa, yale yanayobaki ukishakamua fromaji. Zamani mimi na Kayitare tulikuwa tunayapeleka kwa nguruwe wa mapadri, mapipa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mti ya kusukuma, asubuhi na jioni. Élysée ameona hiyo ni kazi ya bure. Amechimba mtaro, ameunganisha bomba lake na mfereji wa mji, na choo cha nyumba yake humo humo, na maji ya mvua ya mabati yake. Vyote vinashuka kwangu.

Yule mhandisi aliyejenga stasyo alitufundisha siku ya kwanza: ndani ya bwawa mna vijidudu vinavyokula uchafu, na ukivilisha kupita kiasi vinakufa vyote. Élysée anavilisha mpaka vinapasuka. Amechukua ng'ombe wangu, na sasa anachukua maziwa ya ng'ombe wangu kuniulia bwawa langu.

Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Nimemshika.

Tarehe 3 Oktoba

Papa Hilaire, mkubwa wa komite ya maji, amenisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mpole, anapenda kila mtu atoke kwake akiwa ameridhika. Nilipomaliza akakuna kidevu.

"Mama Isimbi. Weye mutoto ya bafugaji. Unasema maziwa njo inachafua maji ya choo?"

"Si maziwa, Papa. Ni maji yake."

"Iko moja tu." Akaangalia mlangoni kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Usiseme ile neno inje. Nitaita kikao."

Naelewa alichoogopa. Kwetu maziwa hayasemwi vibaya. Mtoto akisema maziwa yananuka, anapigwa kofi na kutolewa nje mpaka ajifunze. Hata yakiharibika hatusemi yameharibika, tunasema yamelala. Mimi mwenyewe jana, pale kwenye kifuniko, peke yangu, nilishindwa kulitamka neno kwa sauti. Nililiwaza tu.

Tarehe 6 Oktoba

Kikao. Niandike yote.

Tulikaa ndani ya shule baada ya misa. Nilidhani Élysée atakana. Nilikuwa tayari, nilitaka akane ili niwapeleke wote wakaone bomba. Hakukana! Alisimama na kofia yake ya kaubui, ile ya ukingo mpana, akatabasamu meno yote nje.

"Bazee, ni kweli. Ile bomba iko yangu. Maji yote ya maziwa, nyuma ya kila fromaji, naituma kwa stasyo. Nilisema: shemeji yangu iko natumika mu uchafu kila siku, acha nimusaidie. Maziwa iko baraka. Mahali maziwa inapita, uchafu inatoka. Kama maji iko nanuka, basi aulizwe mwenye kuichunga."

Wakampigia makofi. Makofi, jamani! Wazee wenye mvi, na Josiane naye, ambaye hana hata mbuzi.

Nikasimama. Nikasema maji yale yanaua bwawa, nikasema yanachacha, nikasema yananuka. Nilipotamka "yananuka" wazee wakageuza nyuso pembeni. Mzee mmoja akatema mate chini. Élysée alitikisa kichwa polepole, kama mtu mwenye huruma. Kumbe njo hapo alipokuwa akinisubiri.

Wazee wakanong'onezana. Wakaamua kwamba nimetukana maziwa mbele ya watu, kwa hiyo nitayaomba msamaha mbele ya watu, Jumapili ijayo. La sivyo kazi itapewa mtu mwingine. Papa Hilaire alikuwa akiangalia viatu vyake.

Tarehe 9 Oktoba

Vyura wa bwawa la tatu wanaelea matumbo juu. Nimewatoa kwa ndoo.

Tarehe 13 Oktoba

Nimeomba msamaha.

Walikaa kwenye majani mbele ya shule. Chombo cha mti kilijazwa maziwa mpaka mdomoni. Nilipiga magoti. Unajua Élysée alimpa nani kazi ya kukishika kile chombo? Isimbi. Mwanangu. Alisimama mbele yangu na chombo mikononi, akaangalia juu ya kichwa changu. Nikasema maneno waliyonifundisha: maziwa yaliyonilea, nisamehe, kinywa changu kilipotea. Sauti yangu ilitoka safi kabisa. Élysée akasema, "Sasa tumekuwa tena ndugu," akanishika bega.

Alinishika bega mbele ya watu wote, nikiwa bado magotini. Pale pale nikaapa. Sikuapa kwa Mungu, maana Mungu angenikataza. Nimeapa kwa kaburi la Kayitare kwamba kile unachokiita baraka, Élysée, nitakurudishia nyumbani kwako chote, mpaka tone la mwisho, na wewe utakinusa.

Tarehe 14 Oktoba

Nimelala vizuri. Ni ajabu.

Tarehe 22 Oktoba

Mvua kubwa. Barabara ya Sake imefungwa, wanasema kuna askari, wengine wanasema ni udongo umeporomoka. Fromaji hazishuki kwenda Goma. Élysée anazipanga tu kwenye chumba cha chini, zinangoja. Isimbi ndiye anazigeuza, moja moja, upande huu, kesho upande ule. Aliniambia mwenyewe, kwa fahari, kwamba Jumamosi ndiyo siku ya kuzigeuza zote na kuzipangusa kwa chumvi. "Tonton anasema mukono yangu iko sawa na ya Papa."

Nilimwangalia anavyolisema hilo. Anampenda yule mtu. Anakula kwake, analala kwake, na anampenda. Lilinichoma kuliko kule kupiga magoti.

Tarehe 30 Oktoba

Mama Mavi, Mama Mavi. Sasa hata watoto wa shule.

Tarehe 6 Novemba

Nimekwenda tena kutazama bomba lake. Kabla halijaungana na mfereji wa mji, linatokeza kidogo kwenye ukingo wa mto, wazi kwa juu, unene wa paja langu. Likizibwa pale, mji hautapata shida yoyote: kituo cha afya kitapita, shule itapita, vyoo vya soko vitapita. Ni ya Élysée tu yatakayosimama. Maji ya maziwa, choo chake, cha mke wake na cha wageni wake wakubwa, na mvua yote ya mabati yake. Kwa kuwa chumba cha fromaji kiko chini kuliko vyote, tulikichimba chini makusudi mimi na Kayitare kipate ubaridi, yatatokea mle.

Nimekaa juu ya jiwe nikiwaza kwa utulivu mkubwa. Udongo wa mfinyanzi uko pale pale ukingoni, wa bure.

Tarehe 10 Novemba

Isimbi hakuja. Nimemwekea chakula mpaka kikapoa.

Tarehe 17 Novemba

Barabara imefunguliwa. Josiane ananiambia Élysée amepata oda ya Noeli kutoka Goma, lori litakuja Jumapili ya tarehe 24. Atachinja dume, amewaalika wazee. Papa Hilaire pia amealikwa. Mimi hapana.

"Usikasirike, dada," Josiane akasema.

Nikamwambia sikasiriki hata kidogo. Na ilikuwa kweli.

Tarehe 22 Novemba

Nimetoka kazini jioni, nikapitia mtoni. Gunia la udongo wa mfinyanzi, nimelikanyaga ndani ya bomba kwa miguu miwili, na kipande cha mgomba mbele yake. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima ya Ngungu, meusi.

Nilijua kesho ni Jumamosi. Niandike hilo pia.

Tarehe 23 Novemba

Imenyesha tangu alfajiri, mvua ile ya kuangusha ndizi. Nilisimama kwenye kibanda cha stasyo na koti langu la plastiki nikitazama juu. Mara kelele. Mke wa Élysée alitoka mbio, amejifunga kitenge vibaya. Halafu wachungaji wa ng'ombe na ndoo. Halafu Élysée mwenyewe, bila kofia, bila viatu, anakimbia huku na huku kama kuku. Hata kutoka huku chini niliona maji yakitoka kwenye mlango wa chumba cha chini, kahawia na nyeupe, yanabeba fromaji. Zilikuwa zinaelea! Duara duara, moja nyuma ya nyingine, zinashuka kilimani ndani ya mavi ya mwenye nyumba.

Nilicheka mpaka nikajishika kwenye nguzo. Kayitare, nilisema, unaona?

Kisha nikamwona Isimbi. Alikuwa amezama mpaka magotini, anatoka na fromaji kifuani, anaziweka kwenye majani, anarudi ndani. Anatoka, anarudi. Hakuna aliyemsaidia. Nilimwita. Mvua ilikuwa inanguruma kwenye mabati.

Mchana maji yalipopungua, nilikwenda mtoni nikatoa gunia, nikaliacha lichukuliwe na mto.

Tarehe 24 Novemba

Lori limekuja kutoka Goma na kurudi tupu. Nyama ya dume imeliwa na mbwa, maana hakuna mgeni aliyeweza kukaa na ile harufu.

Jioni Isimbi amekuja, na godoro lake kichwani. Mkono wa kulia umefungwa kitambaa, umevimba. Nikauliza.

"Tonton anasema niliacha vitambaa bikaingia mu bomba, bikaziba. Nilimwambia hapana. Alinipiga na fimbo ya ng'ombe." Akaweka godoro chini. "Amenifukuza."

Nilimkumbatia. Ananuka vibaya, na nywele zake zina maji ya maziwa. Yuko nyumbani kwangu. Adui yangu hana fromaji, hana heshima, na mwanangu yuko nyumbani kwangu. Nilisema asante kwa sauti, sijui kwa nani.

Tarehe 28 Novemba

Bwawa la pili linarudi kijani. Laiterie haifanyi kazi, hakuna maji ya maziwa yanayoshuka, na sokoni watu wanapumua. Hakuna anayeuliza imekuwaje. Josiane amenusa hewa, akaniangalia, akaangalia kilimani. "Kumbe," akasema. Ni hilo tu.

Mkono wa Isimbi nimeukanda na maji ya moto.

Tarehe 1 Desemba

Wamemwita Isimbi mharibu. Nyumba zote za wafugaji zimesikia. Mama mmoja aliyekuwa anamposea mwanawe ametuma mtu kusema basi, yaishe. Hakuna atakayempa chombo cha maziwa tena, na yeye hakujifunza kazi nyingine, wala hakutaka. Amelala kwenye godoro uso ukutani.

"Mama, aiko mimi," aliniambia. "Vitambaa nilihesabu yote. Unaniamini?"

Nikamwambia nakuamini.

Tarehe 4 Desemba

Nikinyamaza, atabaki kwangu. Hana pa kwenda. Nilifikiri hilo leo nikiwa kwenye kizuizi, na lilinifurahisha, na nikajichukia.

Na kuna hili pia: Élysée anadhani ameangushwa na vitambaa! Anadhani ni bahati mbaya! Siku na siku nimemwombea mabaya, halafu yeye anaketi kule juu analaumu kitambaa.

Tarehe 8 Desemba

Baada ya misa, watu wakiwa bado mlangoni pa kanisa wanasalimiana, nilisimama kwenye ngazi.

"Élysée!" Sauti yangu ni kubwa nikitaka. "Bomba yako aikuzibwa na vitambaa. Ni mimi njo niliiziba. Na mikono hii. Isimbi hana kosa, ulimupiga bure."

Niliendelea. Nikasema mmeona wenyewe, ile baraka ilipoacha kushuka, mji umeacha kunuka. Nikasema mlinipigisha magoti kwa sababu ya ukweli, sasa nausema tena nikiwa nimesimama: yalinuka, na yalinuka kwa sababu yake.

Élysée alisogea mbele ya watu. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimengoja ule uso msimu mzima, na niliupata wote. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. Hakunitukana. Alimgeukia Isimbi aliyekuwa kando ya Josiane, akasema, "Mwanangu, nisamehe," akaanza kulia, mwanaume mzima, mbele ya padri.

Wazee wakasema Élysée atatafuta njia nyingine ya maji yake. Papa Hilaire akanivuta pembeni.

"Mama Isimbi, ulikuwa na haki, na mimi nilikuwa muoga. Lakini umeziba bomba ya muntu. Siwezi kukuacha pale. Leta funguo kesho."

Sawa. Nilijua bei yake.

Jioni, nyumbani. Isimbi aliketi mlangoni, akaukandakanda ule mkono wake. Nilidhani atashukuru. Aliniuliza bila kuniangalia:

"Mama. Ulijua Jumamosi niko mule ndani?"

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa ameniachia nafasi ya kusema hapana, alingoja.

"Nilijua," nikasema.

Tarehe 9 Desemba

Nimerudisha funguo. Vyura wanaimba katika bwawa la tatu, mtu mwingine atawasikiliza.

Isimbi hakurudi kwa Élysée, ingawa Élysée alituma mtu kumwita mara mbili. Amepanda lori la makaa kwenda Sake, kwa shangazi yake Adelaïde. Alinipa mkono ule mzima, kama anavyopewa mgeni.

Josiane amekuja kunipa pole, ameleta maharagi. Akakaa, akazunguka na maneno, mwishowe akaniuliza kama ingekuwa tena ile Ijumaa jioni, ningeziba lile bomba.

Nilimwambia achukue sahani yake atoke nyumbani mwangu.